Uyoga wa nyuma ya banda

Kikundi: FAMILIA YA BIBI (Manyoni, Itigi, Dodoma)

Jumanne

07:04 Mama Neema: Mbukwenyi wote. Shikamoo Mama. Jamani mvua ya juzi hapa Nkuhungu imefanya kazi! Oneni kilichoota nyuma ya banda la ng'ombe, pale tunapomwaga samadi. [picha] Neema kachuma ungo mzima. Mchana leo ni ugali na uyoga wa karanga 🙏

07:06 Mjomba Elia: Mbukwa! Baraka hizo. Mweupe safi, kofia kama kisosi.

07:09 Shangazi Esta: Wifi, subiri kwanza. Usiubandike. Geuza mmoja upige picha chini ya kofia. Mwingine uchimbe wote na shina lake mpaka mwisho, usiukate.

07:15 Mama Neema: [picha] [picha] Chini ni mweupe. Una pete kwenye shina, na juu katikati una magamba ya kahawia. Shina limeishia palepale kwenye samadi, limevimba kidogo.

07:18 Shangazi Esta: Basi huo sio wa kichuguu. Wa kichuguu shina haliishii hapo, linashuka kama mkia, unachimba mpaka kiwiko kinazama, maana umetoka kwenye nyumba ya mchwa huko chini. Mchwa ndio wanaoulima, ni chakula chao. Na kofia yake katikati ina ncha ngumu, ndiyo inayotoboa udongo. Huo wako siujui. Nisioujua siuli, na watoto wa kaka yangu hawaujaribu.

07:21 Mjomba Elia: Esta mwanangu, wazee walikuwa wanatia sarafu ya fedha kwenye sufuria. Ikigeuka nyeusi unamwaga. Halafu huu naona umetobolewa na wadudu. Mdudu angekula sumu?

07:24 Anna: Shikamoo mjomba. Hapo naomba nikukatalie kwa heshima zote. Sarafu haijui sumu ya uyoga. Na konokono na funza wanakula uyoga unaoua mtu, wao hauwadhuru. Sumu ile mbaya zaidi hata uichemshe, uikaushe jua la wiki nzima, uiloweke kwenye chumvi, iko palepale.

07:25 Mjomba Elia: Marahaba mama. Nimesikia.

07:25 Anna: Wifi, kuna mtu ameonja?

07:27 Mama Neema: Hapana, bado haujaingia jikoni.

07:31 Mama Neema: Neema anasema Baraka alimega kibichi wakati wanachuma. Akatema, lakini sio chote. Ilikuwa kama saa kumi na mbili na nusu. Mungu wangu

07:32 Anna: Mpeleke kituo cha afya sasa hivi. Usingoje aumwe. Usimpe maziwa wala mafuta, usimtapishe kwa chumvi. Beba uyoga mzima na shina lake, ufunge kwenye karatasi, sio mfuko wa nailoni, utaharibika haraka. Waambie saa aliyokula. Kaka, mko wote hapo?

07:33 Baba Neema: Niko. Bajaji imefika getini.

08:02 Mama Neema: Ametapika mara mbili ndani ya bajaji. Tumeshafika, wanamwona.

08:04 Shangazi Esta: Ee Mungu. Baraka wetu.

08:40 Baba Neema: Wamemtundikia dripu. Tumbo linamkata na anaharisha. Daktari kauliza alikula nini, nikamfungulia karatasi.

08:43 Anna: Kutapika mapema hivi kunaniambia kitu. Sumu zinazokamata tumbo zinaanza ndani ya saa moja hadi tatu, na hatari yake kwa mtoto ni maji kumwishia mwilini, ndiyo maana ya dripu. Ile ya kuogopa zaidi inakaa kimya saa sita, kumi na mbili, hata siku nzima. Halafu mtu anatapika, anapata nafuu, mnashukuru mnarudi nyumbani, kumbe ini linaharibika, na siku ya tatu au ya nne ndipo inajulikana. Kwa hiyo leo msikubali kuondoka haraka hata akianza kucheza. Uyoga wa aina mbili unaweza kuota uwanja mmoja.

08:45 Baba Neema: Hatuondoki.

08:47 Anna: Na Neema anisaidie kitu nyumbani, akishamaliza anawe mikono kwa sabuni. Achukue uyoga uliofunguka vizuri, akate shina, aweke kofia juu ya karatasi nyeupe, upande wa chini ulalie karatasi. Aufunike na bakuli. Asiuguse mpaka jioni. Utamwaga unga wake, tutaona rangi.

12:16 Yona (kwa Bibi): Bibi amesikiliza voisi zote, anasema niandike alivyosema bila kupunguza. Anasema:

"Nimeumia kwa Baraka. Namshukuru Mungu mmemuwahi. Mama Neema, usijilaumu mwanangu, wewe umekulia mjini na hakuna aliyekushika mkono. Mimi mama yangu alinitembeza porini misimu mitatu ya mvua kabla hajaniruhusu kuchuma. Nilikuwa nabeba kikapu tu. Akiuona ananiuliza, huu umesimama chini ya mti gani? Nikitazama uyoga kabla ya mti ananirudisha nyuma. Ule wa njano kama kiini cha yai, wenye mikunjo inayoteremka kwenye shina, unakaa chini ya mtundu na miombo mingine. Huupati kwenye mbuyu, huupati kwenye mgunga. Kwa hiyo ukiona wa njano mahali pasipo na miombo, pita. Na ule mweupe unaotokea chini yenye kikombe kama ganda la yai lililopasuka, mama alikuwa anaupita mbali, hata sisi tukisema mbona mzuri."

12:20 Yona: Anaendelea. "Na siku hizi mtundu wenyewe uko wapi? Nilipokuwa na nguvu, tukitoka hapa kijijini kabla jua halijapanda, kikapu kilikuwa kinajaa. Sasa mnatembea nusu siku. Wamekata miti kwa mkaa, na uyoga umekwenda na miti yake. Mnasema mvua zimepungua. Mvua zikija nzuri, nani ataubeba uyoga kama mti haupo?"

12:22 Anna: Mama amesema kweli kabisa. Uyoga ule umeshikana na mizizi ya mti chini ya udongo kwa nyuzi nyembamba. Mti unaupa sukari, wenyewe unauletea mti maji na chumvichumvi. Ukikata mti umeukatia chakula.

12:25 Shangazi Esta: Huku Itigi naona wanawake barabarani na visado vya uyoga. Ukiwauliza wanakotoka, kila mwaka ni mbali zaidi. Inaniuma.

15:50 Mama Neema: Hatapiki tena. Kalala. Mikono yake imepoa ila macho yamerudi. Nimekaa hapa namtazama tu.

18:40 Baba Neema: Nimekimbia nyumbani mara moja. Neema amefunua bakuli. [picha] Karatasi imepata alama kama gurudumu la baiskeli, mistari imepangana kutoka katikati. Rangi ni kijani, kama mchicha uliokauka.

18:43 Anna: Kijani! Asante Neema mwanangu, umefanya kazi nzuri. Uyoga wa unga wa kijani tunaufahamu, unapenda majani ya uani na kwenye mbolea, unakamata tumbo vibaya sana lakini sio ule wa ini. Ukiwa mchanga chini ni mweupe, ndiyo maana picha ya asubuhi isingetusaidia. Kaka, mwonyeshe daktari hiyo karatasi. Na bado alale hapo leo.

18:46 Mjomba Elia: Mimi nimewaambia watu wa kwangu leo hii habari ya sarafu ife. Ningemwambia Mama Neema apike angepika.

18:47 Mama Neema: Mjomba, ningepika kweli. Tungekula wanne.

Jumatano

06:15 Mama Neema: Ameomba uji. Amekunywa kikombe kizima. Daktari anasema vipimo vya ini ni vizuri, wanavirudia leo kabla ya kuturuhusu.

06:16 Anna: 🙏🙏 Wavirudie. Usiwaharakishe.

06:20 Shangazi Esta: Mungu ni mwema. Wifi, uyoga wote uliobaki na ule ungo?

06:22 Mama Neema: Baba Neema ameuchimbia shimo refu. Ungo nimeusugua kwa sabuni na maji ya moto. Kuku nao nimewafungia.

06:31 Yona (kwa Bibi): Bibi anasema Baraka akipata nguvu mlete watoto wote wawili wakati mvua bado zipo. Nyuma ya shamba letu kuna kichuguu kinatoa kila mwaka siku kumbikumbi wanaporuka. Anasema Neema atabeba kikapu, Baraka atabeba chupa ya maji. Hakuna kuchuma mwaka huu.

06:33 Mama Neema: Mwambie Mama tutakuja.

06:40 Shangazi Esta: Na karanga zenu zisikae bure. Nimefunga uyoga wa kichuguu mkavu, kisado kimoja, niliuchuma mwenyewe mwezi uliopita. Uloweke maji ya uvuguvugu, umwage maji ya kwanza maana una mchanga, ndipo uutie kwenye karanga zilizotwangwa. Nimempa konda asubuhi hii.

09:55 Baba Neema: Konda amenipigia, wameshapita Bahi. Naenda stendi.