Niache kazi nilee mtoto, au mshahara uishie kwa dada wa kazi?

Mzazi wa Chanika
Habari zenu, wazazi wenzangu. Likizo yangu ya uzazi ya siku 84 inakwisha mwishoni mwa mwezi huu, na mimi na mume wangu hatujaafikiana. Mshahara wangu ni shilingi 620,000, na baada ya makato hubaki takribani 530,000. Mume wangu amechukua daftari akaandika: dada wa kazi 130,000, chakula na mahitaji yake 70,000, nauli yangu ya Chanika hadi Posta, katikati ya Dar es Salaam, 65,000, chakula changu cha mchana 80,000. Kwa maoni yake, 185,000 inayobaki haitoshi kutufanya tumwache mtoto wa miezi mitatu kwa mtu tusiyemjua. Hasemi kwa ubaya, na hata mimi moyo unasita, lakini nahofia kwamba nikiacha sasa sitapata tena nafasi kama hii. Ninyi mlipiga hesabu vipi?

Mhasibu wa Zamani
Dada, nauli shemeji ameihesabu kwa haki. Chakula cha mchana sivyo, kwa maana hata ukishinda nyumbani utakula. Kubwa zaidi, ameanza na fedha inayofika mkononi, akasahau inayokwenda NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii. Kwa mgawanyo wa kawaida wewe unakatwa asilimia 10 na mwajiri anaongeza 10, kwa hiyo kila mwezi 124,000 huingia kwa jina lako. Ukijumlisha na 185,000 unapata 309,000, na hapo bado sijagusa bima ya afya, ikiwa mwajiri wako anakulipia. Pensheni ya uzee inadai miezi 180 ya michango. Kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi, angalia umeshachangia mingapi.

Mama Mapacha
Mimi nilipata siku 100 kwa kuwa walikuwa wawili, na bado zilionekana chache. Ambacho wengi hatukitumii ni saa za kunyonyesha: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kutumia hadi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi. Kutoka Posta hakuna anayeweza kwenda Chanika na kurudi kwa saa mbili, kwa hiyo mimi niliomba kwa maandishi niwe natoka saa nane na nusu badala ya saa kumi na nusu. Msimamizi wangu alicheka kwanza. Nilipoambatisha kifungu chenyewe, alisaini. Maziwa nilikuwa nakamua alfajiri na kuyaweka kwenye friji, kwa sababu kwa joto letu hayafai kukaa nje zaidi ya saa nne. Halafu, mdogo wangu, kwa nini dada wa kazi analipwa kutoka mshahara wako peke yako? Mtoto ni wa wawili.

Bibi wa Kimara
Mwanangu, wenzako wamejibu ya fedha, mimi nauliza umri wa huyo dada. Watu hukimbilia kabinti kalikomaliza darasa la saba kwa sababu ni rahisi kukalipa, na wanaoumia ni watoto wote wawili, anayelea na anayelelewa. Aliye chini ya miaka 14 sheria yenyewe inakataza kumwajiri. Wala msije mkamwita mama mkwe mkidhani ni bure. Mimi nilikaa kwa binti yangu miezi minane, shamba langu la karanga likaota nyasi, na hasara hiyo hakuna aliyeiandika kwenye daftari.

Mzazi wa Chanika
Nawashukuru sana. Jana usiku nimemsomea mume wangu, akanyamaza kwa muda, kisha akaanza ukurasa mpya, na safari hii mshahara wa dada ameuandika upande wake. Barua ya saa za kunyonyesha naipeleka wiki hii. Zimebaki siku 19. Dada anakuja Jumatatu ili tukae naye pamoja kabla sijarudi kazini, na Bibi, ana miaka 24.