Kuomba jambo lile lile kila siku ni kukosa imani?

subira_yangu
Bwana asifiwe wapendwa. Naombeni mnisaidie kufikiri, maana nilipofika nimechoka hata kuuliza.

Mimi na mume wangu tunamwomba Mungu mtoto. Tumeomba muda mrefu, asubuhi na usiku, kwa kufunga na bila kufunga. Sasa kiongozi wa kikundi chetu cha maombi ameniambia shida ni mimi mwenyewe. Eti mwenye imani huomba mara moja tu, halafu anabaki kushukuru kama aliyekwisha kupokea, na ukirudia umekiri kwamba mara ya kwanza hukuamini. Akanishauri ninunue nguo za mtoto ziwe ushuhuda. Nikanunua sweta ya manjano. Iko kwenye droo na lebo yake, na siku hizi droo hiyo siifungui kabisa, hata vitambaa vyangu vilivyomo nimevisamehe.

Tangu aniambie vile, nikipiga magoti naogopa kutaja mtoto. Naombea wagonjwa, naombea watoto wa wenzangu wafaulu mitihani, nikifika kwenye langu nameza mate na kusema amina. Mume wangu yeye ananyamaza tu. Nisaidieni, na tafadhali msinipe mfano wa Hana, yule mama wa kwenye Biblia aliyelilia mtoto akapata. Hana nimeshapewa na kila mtu.

nuru_asubuhi
Dada, kiongozi wako hajakosea. Marko 11:24 iko wazi: "Yo yote myaombayo mkisali, aminini ya kwamba mnayapokea, nayo yatakuwa yenu." Na Mathayo 6:7 inakataza kupayuka-payuka. Mimi niliomba kazi mara moja, nikakaa kwenye shukrani, ikaja. Kiri ushindi, acha kukiri tatizo.

mzee_wa_zaburi
Nuru, mwanangu, hongera kwa kazi. Marko hiyo naiamini na mimi. Ila aliyeyasema maneno hayo ni Yesu, ndiye aliyeomba bustanini Gethsemane mara tatu usiku wa kukamatwa kwake, na Mathayo 26:44 inaongeza, "akisema maneno yale yale." Sasa tumwambie nani kwamba mara ya kwanza hakuamini? Kuhusu kupayuka, soma mstari wote: wanaokemewa ni wale wanaodhani wingi wa maneno ndio unaomfanya Mungu asikie. Shuka kidogo tu kwenye sura hiyo hiyo, mstari wa 11, Bwana anatufundisha kuomba riziki ya leo. Ya leo! Maana yake kesho unarudi na ombi lile lile, na yeye mwenyewe ndiye aliyelipanga hivyo.

Binti yangu Subira, Hana sikupi. Nakupa Zakaria, baba yake Yohana Mbatizaji. Malaika anamwambia dua yake imesikiwa, mzee wa watu anabisha kwamba umri umekwenda. Hakuamini, na imeandikwa wazi kwamba hakuamini, akawa bubu kwa sababu hiyo. Lakini Yohana alizaliwa. Kama mtoto angetegemea imani ya Zakaria siku ile hekaluni, tungemkosa Mbatizaji.

Mumeo mpe Isaka. Mwanzo 25:21 unasema Isaka alimwomba Bwana kwa ajili ya mkewe, Bwana akamsikia, Rebeka akachukua mimba. Ukisoma haraka utadhani ni jambo la wiki moja. Tazama mstari wa 20: alioa ana miaka 40. Tazama wa 26: mapacha walizaliwa ana miaka 60. Miaka 20 imepita katikati ya sentensi na hakuna aliyeambiwa anunue nguo. (Hilo la nguo limeniudhi, samahani.)

dada_muuguzi
Pole sana mpendwa. Mimi naongezea la hospitali, maana hakuna aliyeuliza. Mmepimwa wote wawili? Nasema wote, kwa sababu mara nyingi mke anazungushwa vipimo peke yake huku tatizo liko kwa mume au kwa wote. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ilisema takriban mtu 1 kati ya 6 hupitia tatizo la uzazi wakati fulani maishani. Kwa hiyo hamjalaaniwa. Kupimwa hakupunguzi maombi hata kidogo, na umri nao hausubiri.

subira_yangu
Asanteni. Shikamoo mzee wangu. Lakini hao wote ulionitajia walipata. Na kama mimi sipati?

mzee_wa_zaburi
Marahaba binti yangu. Swali hilo ndilo nililokuwa naliogopa, na sina jibu la kukufurahisha. Mtume Paulo aliomba mwiba, yaani taabu ya mwilini mwake, uondolewe, mara tatu naye, akajibiwa kwamba neema yatosha. Mwiba ukabaki. Zaburi ya 88 inaanza kwa kulia na inaishia gizani, hakuna mstari wa mwisho wa kushukuru, na hakuna mhariri aliyeona haja ya kuuongeza. Mtu yule alilalamika kwa Mungu mwanzo mpaka mwisho, na lalamiko lake likawekwa kwenye kitabu cha sala. Sijui Mungu atakupa nini, na anayekuambia anajua mwulize amejuaje. Ninalojua ni kwamba kulificha ombi lenyewe mbele ya Yeye anayelijua kunakuchosha kuliko kungoja. Usiku wa leo mtaje mtoto. Ukilia, lia. Zaburi ya 13 inaanza na "hata lini", unaweza kuazima maneno hayo mawili tu ukalala.

nuru_asubuhi
Mzee, bado nasimama kwenye kukiri. Ila la Gethsemane umenibana, ngoja nikalisome vizuri.

subira_yangu
Nimemsomea mume wangu la Isaka. Aliuliza miaka 20 imeandikwa wapi, nikampa Biblia, akakaa nayo jikoni muda mrefu. Baadaye tuliomba pamoja, yeye ndiye aliyetaja mtoto. La kupima amesema atafikiria. Dada muuguzi, akikubali tunaanzia wapi?

dada_muuguzi
Kliniki ya magonjwa ya wanawake na uzazi, na nendeni siku moja wote wawili. Kipimo chake cha kwanza ni cha mbegu, hakichomi wala hakiumi, mwambie hivyo mapema. Wewe andika tarehe za hedhi kuanzia mwezi huu, watakuuliza.