Naomba ushauri: nakala rudufu ya kanzidata ya TB 1.8 niiweke kwenye nini?

Wakuu, habari za leo. Niko Mbeya mjini, nasimamia seva ya chama cha wakulima wa kahawa. Kanzidata yetu ya PostgreSQL imefika TB 1.8, maana picha za stakabadhi zote zimo humo humo (kosa la zamani, msiniseme).

Natumia diski mbili za nje za TB 4, nazibadilisha kila Jumapili. Mwezi uliopita umeme ulikatika katikati ya kunakili, moja ikaanza kulia tik-tik, sasa haisomeki. Nilijaribu mtandaoni: kwa kasi ya Mbps 10 ya kupandisha, nakala nzima ni zaidi ya siku 16. Nikaacha.

Nafikiria tepu za LTO-8 (kaseti za utepe wa sumaku za kuhifadhia data). Kaseti moja hubeba TB 12 bila kubana data, ila bei ya mashine yake inatisha. SSD (diski za chipu, zisizozunguka) naziogopa, zikikaa kabatini muda mrefu bila umeme zinaweza kupoteza data.

Kwa ukubwa huu tepu inalipa, au niongeze diski mbili na UPS (betri ya akiba umeme ukikatika)? Na nakala ya kupeleka tawi la Mbozi kwa Coaster, diski niifungeje isiumizwe na matuta?

Natanguliza shukrani.