Utomvu wa mnyaa na chunjua

Swali: Habari zenu. Nimeelezwa kwamba utomvu wa mnyaa (Euphorbia tirucalli) hupakwa kwenye chunjua mpaka zidondoke. Je, ni salama kumpaka mtoto?

Jibu: Waganga wa jadi wameutumia kwa chunjua, na hata kwa kikohozi na maumivu ya jino, lakini mtoto usimpake kabisa. Ukivunja kijiti kimoja tu, maziwa meupe huchuruzika papo hapo, nayo huchoma ngozi hadi ikatoka malengelenge, na yakiingia jichoni yanaweza kumpofusha mtu kwa muda. Utomvu huohuo hutumiwa kulewesha samaki, jambo ambalo kwangu linatosha kuonya.

Jibu: Naongezea kwamba utomvu huu una esta za foboli, kemikali zinazochochea ukuaji wa uvimbe, na watafiti wameuhusisha mmea huu na saratani ya Burkitt (saratani ya tezi za limfu inayowapata hasa watoto) kwa kuwa huamsha virusi vya Epstein-Barr, vinavyohusishwa na saratani hiyo. Kuunywa, basi, ni hatari zaidi.

Muulizaji: Nashukuru sana. Na ukirukia jichoni?

Jibu: Usifikiche. Osha mara moja kwa maji safi mengi, kwa angalau dakika 15, kisha uende hospitali.