Upasuaji wa mtoto wa jicho na kazi ya dedekta: nirudi porini lini?

Punje_ya_Chunya

Wakuu, habari za humu. Nina miaka 63, natafuta dhahabu kwa dedekta (mashine ya kutambua madini ya chuma ardhini) huku Chunya, zaidi kwa kupenda kuliko kwa riziki. Daktari ameona mtoto wa jicho macho yote mawili. La kulia litapasuliwa kwanza, la kushoto baadaye. Natumia dedekta aina ya GPZ 7000, sururu na kijiko cha plastiki. Nauliza: nipumzike muda gani? Lenzi ipi ya bandia, ya kuwekwa jichoni, inamfaa mtu anayetazama skrini, kisha anakagua punje kiganjani? Na mashine haiwezi kuisumbua hiyo lenzi ya bandia? Natumia pia dawa ya tezi dume, sijui kama inahusika.

Nesi_wa_Macho

Shikamoo mzee. Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo zito. Kama dawa hiyo ni tamsulosini, mwambie daktari wa macho kabla ya siku ya upasuaji. Inalegeza ile pete ya rangi inayozunguka mboni, kwa hiyo mboni haitanuki vizuri na pete inapepea daktari akiwa kazini ndani ya jicho. Usiiache kwa uamuzi wako: kuacha siku chache kabla hakuondoi athari. Daktari akijua mapema anajipanga kwa dawa na vifaa vya kuishikilia mboni.

Muda wa kupumzika uulize pamoja na aina ya upasuaji. Ule wa kuvunja lenzi kwa mawimbi ya sauti unaacha tundu la milimita 2 hadi 3. Ule wa mkono, ambao hospitali zetu nyingi wanaufanya na unatoa matokeo mazuri kabisa, mkato wake ni milimita 6 hadi 7, mara nyingi bila nyuzi. Unajifunga wenyewe, lakini unataka utulivu zaidi.

Wiki ya kwanza usishike mashine kabisa. Usisugue jicho, usiingize maji, vaa kikinga jicho usiku. Ukiendelea vizuri, kutembea na dedekta nyepesi eneo lisilo na vumbi kunaweza kuanza baada ya wiki mbili, daktari akikubali. Sururu isubiri wiki 4 hadi 6. Anayeinama kufunga kamba za viatu hajikazi. Anayeng'oa jiwe anabana pumzi na kukaza tumbo, na presha ndani ya jicho inapanda wakati kidonda bado kibichi. Udongo nao una bakteria na fangasi.

Matone: nawa mikono kwa sabuni, acha dakika 5 kati ya dawa moja na nyingine. Ile ya prednisoloni (ya kutuliza uvimbe) yenye rangi ya maziwa tikisa chupa vizuri kabla, la sivyo unadondosha maji matupu na dawa inabaki chini. Inapunguzwa taratibu kwa wiki kadhaa. Usiikate ghafla kwa kuwa jicho limeacha kuuma.

Wiki hiyo ya kwanza nakushauri ulale Mbeya mjini, usikae kambini. Maumivu yanayoongezeka, wekundu unaozidi, usaha, au kuona kunakorudi nyuma: hospitali siku hiyo hiyo. Maambukizi ya ndani ya jicho hujitokeza zaidi siku hizo za mwanzo, na kila saa ina thamani. Mimweko ya mwanga au kivuli kama pazia pembeni, hata miezi baadaye, ni dharura pia.

Fundi_Koili

Lenzi ya bandia ni plastiki, akriliki au jamii yake. Haina chuma, koili (lile sahani la chini la dedekta) haiigusi kwa lolote. Hilo liondoe mawazoni.

Kuna chuma kingine cha kufikiria. Je, umewahi kupigwa na kipande kilichoruka sururu ikigonga jiwe, au nyundo ikigonga tindo? Kibanzi cha chuma kinaweza kuingia jichoni kwa tundu dogo sana, maumivu yakaisha, kikabaki ndani kikitoa kutu. Hicho chenyewe huleta mtoto wa jicho. Mtajie daktari tukio la aina hiyo, hata la zamani, apige eksirei au CT kwanza. MRI isifanyike kabla, sumaku yake inaweza kukisogeza.

Kuhusu mashine: GPZ 7000 ina uzito wa kilo 3.3 hivi, na ukiibeba bila mikanda unajikaza kila unapoipeleka huku na huku. Kwa miezi ya kurudi, dedekta ndogo ya Gold Monster 1000 haifiki kilo 1.5. Tafuta kijana wa kuchimba; wewe pima, weka kibendera, sogea mita 3 upande unakotoka upepo. Kipimio kidogo cha mkononi, cha kuonyesha punje ilipo shimoni, kinapunguza kuinama. Udongo mwaga kwenye karai la plastiki, gawa nusu kwa nusu hadi mlio ubaki kwenye kiganja kimoja. Usiupulize, na kuosha udongo kwenye maji ya dimbwi mwachie kijana. Funga kitambaa kipajini, jasho la chumvi na vumbi ndilo linaloshuka jichoni bila taarifa. Miwani ya kinga iwe ya polikaboneti (plastiki ngumu) yenye mbavu za pembeni, na iwe ya kudumu, si ya wiki 6 tu.

Punje_ya_Chunya

Marahaba mwanangu, na asante Fundi. Dawa ni hiyo hiyo ya tamsulosini, nitamwambia. Bado lenzi. Naambiwa ipo ya kuona mbali na karibu kwa pamoja. Bila miwani mbali sioni, lakini punje naiona vizuri sana.

Mpima_Miwani

Maelezo hayo mpe daktari neno kwa neno. Una macho ya kuona karibu tu, na mtoto wa jicho huenda ameizidisha hali hiyo. Ukiwekewa lenzi ya mbali, duara (mashimo ya wachimbaji) za zamani na nyoka utaviona vyema, lakini huko kukagua punje kwa jicho tupu kutaisha. Utahitaji miwani ya nguvu ya +2.50 kwa sentimita 40, na +1.50 kwa skrini iliyo sentimita 65 hivi. Ukipenda kubaki na karibu, lenzi ikipangwa -2.00 utaona safi sentimita 50, na miwani utavaa ya mbali. Kwa mtu wa porini napendelea ya mbali na miwani ya kusomea shingoni kwa kamba.

Hiyo ya mbali na karibu inagawa mwanga, kwa hiyo jioni vitu vinafifia na taa zinazungukwa na duara za mwanga. Kwa kazi yako siishauri.

Kati ya jicho la kwanza na la pili kuwa mwangalifu. Kipimo cha jicho la kulia kikiwa 0 na la kushoto -4, miwani hairekebishi tofauti hiyo kwa raha, na kukadiria kina cha shimo kunapotea. Tembea na fimbo, na omba la pili lisicheleweshwe.

Rangi nazo zitabadilika. Lenzi iliyozeeka inatia umanjano kila kitu. Ikitoka, udongo na mawe utayaona upya. Miwani ya jua chukua ya kijivu yenye UV400 (inayozuia miale mikali ya jua), kwa sababu ya kahawia inakurudishia umanjano ule ule. Ukikagua punje, igeuze kivulini: dhahabu inabaki njano, pairaiti (jiwe linalofanana na dhahabu) inapoteza mng'ao.