Kupanga vitufe vya mikroni: maji au fuwele miminika?

Mtemi_Maabara: Wakuu, heshima kwenu. Nina vitufe vya silika vya mikroni 4, nataka vijipange vyenyewe. Nivitie kwenye maji au kwenye 5CB, ile fuwele miminika?

Nasra_K: Mkuu, tofauti kubwa ni nguvu ya kushikana. 5CB ikiwa nematiki, yaani hutiririka kama maji lakini ina mpangilio, molekuli zake kwa wastani huelekea upande mmoja. Kitufe kikiingia kinazivuruga, dosari (mahali mwelekeo wa molekuli unapovunjika) inazaliwa ubavuni pake, na vitufe viwili vikikaribiana vinashikana ili kupunguza vurugu hiyo. Poulin, Stark, Lubensky na Weitz walilionyesha hilo mwaka 1997 kwa matone ya maji: yalijipanga mnyororo bila kugusana, kwa sababu kati ya tone na tone kuna dosari. Mshiko unafika maelfu ya kT (kT ni kipimo cha nishati ya mtikisiko wa joto). Majini mara nyingi ni kT chache tu.

Fundi_Hadubini: Kweli kabisa, ila nguvu hiyo ina gharama. Majini kitufe kikikaa vibaya, mtikisiko wa joto unaking'oa, kinatafuta nafasi nyingine. Ndiyo maana silika ya nanomita mia kadhaa ikituama polepole hutoa opali, vitufe vilivyojipanga safu kwa safu, yenye rangi. (Vyako vya mikroni 4 vitazama upesi mno, rangi usitegemee.) Kwenye nematiki, kosa likishashika halijirekebishi. Kundi la Muševič kule Ljubljana, mwaka 2006, lilivisogeza vitufe kwa kibano cha leza mpaka likapata fuwele bapa.

Mtemi_Maabara: Basi nematiki. Dosari iwe ya daipoli au pete ya Zohali?

Nasra_K: Vipake DMOAP kwanza, kemikali inayofanya molekuli zisimame wima juu ya kitufe. Vioo viwili vya seli, vinavyobana 5CB katikati, visuguliwe upande mmoja. Baada ya hapo unene wa seli ndio unaoamua mengi: ikiwa nene kuliko kitufe mara kadhaa utapata daipoli, dosari ya nukta upande mmoja, ikizidi kipenyo kidogo tu, pete inajifunga kiunoni mwa kitufe. Daipoli huunga minyororo imara kufuata mwelekeo wa molekuli. Vitufe vyenye pete hupangana mshazari kwa mwelekeo huo, na mshiko wake ni hafifu zaidi. Mimi ningeanza na daipoli.

Fundi_Hadubini: Na joto ulichunge. 5CB hupoteza mpangilio ikifika nyuzi 35 hivi. Ukiivusha hapo kisha ikapoa polepole, mpaka wa nematiki unaosonga mbele huvisukuma vitufe vikarundikana, na sampuli hiyo huwezi kuipima tena.