Naomba ushauri: barua ya wafadhili inasema ombi letu ni “tabled”

Katibu wa Kisima: Ndugu wanajukwaa, habari za usiku. Mimi ni katibu wa kikundi cha wanakijiji mkoani Singida. Tuliomba wafadhili wa nje watusaidie fedha za kuchimba kisima, na wiki iliyopita wakajibu kwamba bodi yao ilikutana na ombi letu likawa “tabled”. Magazeti yetu ya Kiingereza hulitumia neno hilo muswada unapowasilishwa bungeni, kwa hiyo nimelielewa hivyo. Naomba mnisaidie namna ya kuandika barua ya shukrani.

Mama Neema: Hongera, mwanangu. Katika barua hiyo ulizeni mapema nani atagharimia matengenezo. Kwetu pampu ya mkono ilisimama kwa sababu ya mpira mdogo wa ndani uliolika, na duka la karibu halikuwa nao, tukarudi kuchota korongoni.

Mzee Kanuni: Kabla ya shukrani, wafadhili hao ni wa nchi gani?

Katibu wa Kisima: Sioni nchi inahusikaje, Kiingereza ni kimoja. Ni Wamarekani.

Mzee Kanuni: Basi inahusika sana, ndugu yangu. Uingereza, na kwetu tuliorithi utaratibu wake, neno hilo ni kuleta jambo lijadiliwe, ndiyo maana taarifa za Bunge letu zina sehemu ya hati zilizowasilishwa mezani. Marekani ni kinyume chake: jambo huwekwa kando. Katika Baraza la Wawakilishi la huko, hoja ya namna hiyo ikipita, jambo limekufa bila mjadala.

Shaka Njema: Mimi naona tunanyweshwa chai. Mtu aliyekubaliwa ombi lake haombi ushauri usiku wa manane kwa ajili ya shukrani. Ama kisa kimetungwa, ama kuna jambo limefichwa. Tueleze barua yote inasemaje.

Katibu wa Kisima: Sijatunga chochote. Barua inaongeza kwamba bodi itakutana tena baada ya miezi mitatu. Lililobaki ni kwamba niliisoma barua mkutanoni, wanachama wakapiga makofi, na siku ya pili mimi na mwenyekiti tukampa mchimbaji malipo ya awali kutoka kwenye akiba ya kikundi. Tulikuwa na sababu: mtambo wake uko wilayani sasa, na mvua zikianza lile lori halipiti kwenye barabara yetu.

Mama Neema: Akiba ya kikundi ni jasho la kina mama wanaouza vitunguu. Waambieni wanachama kesho, wasije wakasikia kwa mchimbaji.

Msomi wa Pwani: Ndugu Shaka, kisa kama hiki kinawezekana kabisa. Churchill mwenyewe, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza, ameandika kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Waingereza walitaka waraka fulani ujadiliwe haraka wakatumia neno hilo hilo, Wamarekani wakapinga wakidhani unataka kutupwa kando, na pande zote wakabishana kwa muda mrefu na kwa ukali kabla ya kugundua kwamba walitaka kitu kimoja.

Shaka Njema: Nimekuelewa, naondoa shaka yangu. Malipo ya pili ni lini?

Katibu wa Kisima: Ijumaa. Mwenyekiti anasema tukisita tutapoteza mtambo.

Mzee Kanuni: Ijumaa msilipe. Vyama vingi vya Marekani hufuata kanuni za mikutano za Henry Robert, zilizotoka mara ya kwanza mwaka 1876, na humo jambo lililowekwa kando linaweza kurudishwa kwa kura za walio wengi. Lakini lisiporudishwa hadi mwisho wa kikao kinachofuata, linakufa na itabidi liletwe upya. Kwa hiyo hicho kikao cha baada ya miezi mitatu ndicho chenu. Andikeni leo, muulize kwa maneno ya kawaida: ombi limeahirishwa au limekataliwa, ni nani atalirudisha, na ni nyaraka gani zilikosekana.

Katibu wa Kisima: Nawaandikia usiku huu, na asubuhi nitampigia mchimbaji asubiri. Malipo ya awali sitayadai kwanza, kwa sababu ameahidi kupima maji kabla mtambo haujaondoka, na matokeo ya vipimo hivyo tutayapeleka kwa bodi.